Usiseme Zaidi ya Kilichoandikwa

Wamama wapenzi, wengi wenu mmeniuliza tunafanya nini kila siku ya posho saa tisa katika chumba cha nyuma cha chama chetu, mimi na wamama sita wenye makaye na kalamu, na kwa nini tunabishana kwa sauti vile. Wengine walifikiri ni ugomvi wa likelemba. Leo nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nijibu.

Tunajizoeza kwa ajili ya mtihani wa Serikali, ule watoto wetu wanaouita Ekzetat. Mimi ni mwalimu, nilimaliza masomo ya ISP hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja darasani. Wale wamama sita waliacha shule kabla ya kupata diplome ya Serikali. Mmoja aliolewa akiwa mwaka wa tano. Mwingine baba yake alikufa na minervali ikakosekana. Mwingine alipata mimba, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kurudi. Sasa wamejiandikisha kama otodidakti, maana yake watu waliojisomea wenyewe, na wamechagua upande wa pedagojia. Diplome ya upande huo ndiyo inayompa mtu ruhusa ya kufundisha shule ya msingi kwa haki yake, si kwa kuhurumiwa.

Kati yao yuko mama mmoja ambaye nitamwita mama wa mapacha, kwa sababu ndivyo alivyo. Kwa miaka sita sasa anafundisha mwaka wa pili katika shule moja ya binafsi mtaani kwetu. Wazazi wanapigania watoto wao waingie kwake. Lakini hana diplome. Kila mwezi wa tisa anaambiwa angoje kwanza, waone kama nafasi yake bado ipo. Siku akija mwenye karatasi, hata kama hajui kushika chaki, yeye atatoka. Mwaka jana alijaribu mtihani akashindwa. Kaka mkubwa wa mume wake alimwambia mbele ya wageni: “Shemeji, mwenye watoto watano anatafuta nini tena kwenye benchi?” Mume wake alinyamaza. Kwa hiyo mwaka huu si mwaka wa kawaida kwake, na sisi wote kikundini tunalijua jambo hilo hata kama hatulisemi.

Kwanza niwaeleze mtihani wenyewe. Unaanza na insha ya Kifaransa, ambayo inafanywa mapema, kabla ya mengine. Baadaye zinakuja siku nne: moja ya elimu ya jumla, moja ya sayansi, moja ya lugha, na moja ya masomo ya upande uliochagua, huko ndiko saikolojia na pedagojia zinakaa. Mantiki, ile tunayoiita lojiki, inapatikana ndani ya filozofia, na iko pia ndani ya hesabu bila kutajwa jina. Kusoma kuko kila mahali. Maswali mengi ni ya kuchagua: swali moja, majibu matano, na moja ndilo la kweli. Mtu akisikia hivyo anafikiri ni bahati nasibu. Si bahati nasibu. Yale majibu manne mengine yameandikwa na mtu aliyekaa akafikiri sana jinsi wewe utakavyokosea.

Tulipoanza mwezi wa kumi, wamama walitaka tukariri. Walileta makaye ya watoto wao, wakaanza kuimba majina na tarehe kama katekisimu. Kukariri kuna kazi yake, sikatai. Lakini nilipowapa maswali ya miaka iliyopita, niliona kwamba mara nyingi walikosea wakiwa wanajua jambo lenyewe. Walikosea kwa sababu walijibu swali ambalo halikuulizwa. Ndipo nikaandika ubaoni maneno ambayo hatujayafuta mpaka leo: usiseme zaidi ya kilichoandikwa.

Tuanze na mantiki. Chukueni sentensi hii: mvua ikinyesha, kiwanja chetu kinalowa. Sasa kuna njia nne za kuendelea. Ya kwanza: mvua imenyesha, basi kiwanja kimelowa. Ni sawa. Ya pili: kiwanja hakikulowa, basi mvua haikunyesha. Ni sawa pia. Ya tatu: kiwanja kimelowa, basi mvua imenyesha. Hapa wamama wote sita waliandika “sawa”. Nikawauliza: na kama jirani amemwaga maji ya kufulia? Kimya. Ya nne: mvua haikunyesha, basi kiwanja hakikulowa. Maji yale yale ya jirani yanaiangusha. Njia mbili zinasimama, njia mbili zinaanguka, na katika mtihani zile zinazoanguka zimevikwa nguo nzuri kuliko zile zinazosimama.

Mama mmoja anayeuza mikate asubuhi sokoni alisema, “Madamu, huo ni mchezo wa watu wa shule.” Nikamwambia tutoke kwenye mvua, twende kwenye mtoto. Malaria inaleta homa. Mtoto wangu ana homa. Basi mtoto wangu ana malaria. Ni wangapi kati yetu hawajanunua dawa kwa mantiki hiyo? Ni njia ya tatu ile ile. Homa inaweza kutoka kwenye kifua, kwenye sikio, kwenye tumbo. Ndiyo maana kwenye kituo cha afya wanatoboa kidole kwanza, wanapima damu. Yule mama hakusema tena kwamba ni mchezo.

Jambo lingine la mantiki linalowaangusha wengi ni kukanusha neno “wote”. Swali linasema: kinyume cha “wanafunzi wote wamefaulu” ni kipi? Wengi wanachagua “hakuna mwanafunzi aliyefaulu”. Si hilo. Jibu ni “kuna angalau mwanafunzi mmoja ambaye hakufaulu”. Ili kuvunja neno “wote”, mmoja anatosha. Mama wa mapacha alicheka alipolielewa. Alisema, “Basi mume akiniambia ‘wewe kila siku unachelewesha bukari’, nikimtolea siku moja tu ambayo nimewahi, nimeshinda.” Nikamwambia kimantiki ameshinda, mengine aangalie mwenyewe.

Saikolojia ndiyo wamama walidhani ni ngumu kuliko yote, kumbe wanaijua kuliko mimi nilivyoijua nikiwa ISP. Kilichokosekana ni majina. Mtihani unampenda sana Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896, ambaye alipanga ukuaji wa akili ya mtoto katika ngazi nne. Tangu kuzaliwa mpaka karibu miaka 2, mtoto anajifunza kwa mikono, mdomo na macho. Kutoka 2 mpaka karibu 7, ana maneno na michezo ya kuigiza, lakini anadanganywa na anachokiona. Kutoka 7 mpaka 11 au 12, anaweza kufikiri sawasawa juu ya vitu anavyovishika. Baada ya hapo anaanza kufikiri juu ya mambo ambayo hayapo mbele yake, kama ile mvua yetu ambayo haijanyesha.

Niliwafanyia jaribio la vikombe. Tulichukua vikombe viwili vilivyo sawa, tukavitia maji sawa, mbele ya mtoto wa miaka mitano wa mmoja wao. Akakubali kwamba maji ni sawa. Kisha tukamimina maji ya kikombe kimoja ndani ya gilasi ndefu, nyembamba. Tukamwuliza tena. Bila kusita alionyesha gilasi: huku ni mengi. Mama yake akaruka, “Huyu anafanya hivyo nyumbani na uji kila asubuhi! Nilimpiga juu ya tamaa!” Si tamaa. Macho yake yanaona urefu, na akili yake bado haiwezi kushika urefu na upana kwa wakati mmoja. Swali la mtihani linaliita jambo hilo uhifadhi wa kiasi, na linauliza mtoto analipata katika ngazi gani. Mama yule hatalisahau jibu: ni ngazi ya tatu. Na nyumbani kwake siku hizi watoto wote wanakunywa uji katika vikombe vya aina moja.

Karibu na Piaget, mtihani unaweka Mrusi Lev Vygotsky, ambaye naye alizaliwa 1896, na wengi wanawachanganya. Mimi nawatenganisha hivi. Piaget anaangalia kile mtoto anachoweza akiwa peke yake kwa umri wake. Vygotsky anaangalia kile ambacho hawezi leo peke yake lakini anaweza mtu akimshika mkono, na ambacho kesho atakiweza mwenyewe. Msichana anayesonga bukari huku mama ameshika sufuria ili isiyumbe, yuko katika eneo hilo la Vygotsky. Mama asipoishika, atajiunguza. Mama akisonga yeye mwenyewe kila siku, msichana hatajifunza kamwe.

Mtego mwingine: kuimarisha tabia kwa njia hasi. Neno “hasi” linawafanya watu wachague jibu la adhabu. Lakini katika masomo ya Skinner, kuimarisha maana yake ni kufanya tabia iongezeke. Hasi maana yake ni kuondoa kitu kisichopendeza. Ukimwambia mtoto, “Umemaliza masomo yako mapema, basi leo hutaosha vyombo,” umeimarisha kwa njia hasi. Fimbo ni jambo lingine. Hiyo ni adhabu. Hapa pia kanuni ni ile ile: soma neno lililoandikwa, usisome neno unaloliogopa.

Sasa kusoma. Mtihani uko katika Kifaransa, na nyumbani tunasema Kiswahili. Wamama wanaogopa maneno makubwa, lakini maneno makubwa mara nyingi yanaelezwa ndani ya maandishi yenyewe. Wanaoua ni maneno madogo. “Sauf” inageuza swali lote: majibu manne ni ya kweli, na wewe unatafuta lile lisilo la kweli. “Ne… que” inafanana na kukanusha lakini maana yake ni “tu”. “Toujours” na “jamais” zinapaswa kukufanya usimame, kwa sababu sentensi yenye “daima” au “kamwe” inaangushwa na mfano mmoja tu, kama tulivyoona kwenye neno “wote”. Tumekubaliana: kila mmoja anazungushia maneno hayo duara kabla ya kuangalia majibu.

Niliwatungia maandishi mafupi kwa Kiswahili, ili Kifaransa kisiwe kisingizio. Yalikuwa hivi: “Msichana wa mwaka wa tatu alichelewa shuleni siku tatu wiki hii. Kila mara mikono yake ilikuwa na weusi wa makala. Mwalimu alimwuliza sababu. Msichana aliangalia chini, hakusema kitu.” Swali: kulingana na maandishi, ni lipi kweli? Moja, msichana anauza makala kabla ya kuja shuleni. Mbili, mama yake ni mvivu. Tatu, msichana hapendi shule. Nne, msichana hakujibu swali la mwalimu. Tano, mwalimu alimwadhibu.

Wamama watano walichagua la kwanza. Tulibishana karibu saa nzima. Ndizo zile sauti mlizozisikia. “Madamu, sisi tunaishi hapa, tunajua! Mtoto mwenye makala mikononi ni wa kuuza makala.” Nikauliza: hawezi kuwa amewasha mbabula nyumbani? Hawezi kuwa na nyanya mgonjwa anayepikiwa uji? Labda anauza kweli. Lakini maandishi hayakusema. Jibu ni la nne, lile dogo, lisilo na hadithi, ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu halina utamu.

Mama wa mapacha ndiye pekee aliyelichagua. Nilimwuliza kwa nini. Alisema, “Mwaka uliopita nilikuwa na mtoto kama huyu. Ningesema ni mvivu, ningemfukuza. Nilingoja, nikamwendea nyumbani.” Hakutuambia alichokikuta kule, nasi hatukuuliza. Lakini siku ile niliona kwamba mambo matatu tunayojizoeza ni jambo moja. Mantiki inakataza kutoa neno kubwa kuliko ulilopewa. Kusoma kunakataza kuweka katika maandishi kile kisichomo. Na saikolojia, kama tunaisoma vizuri, inakataza kumwandika mtoto “mkaidi”, “mwenye tamaa”, “mjinga”, wakati tulichokiona ni mikono michafu na macho yaliyoangalia chini. Mtihani unataka alama. Darasa la mwaka wa pili lenye watoto hamsini linataka kitu hicho hicho, kila siku, na huko hakuna anayesahihisha.

Sitawaficha kwamba tulipata jaribu. Mwezi wa nne, zamu ya likelemba ilimfikia mama wa mapacha: wamama 12, kila mmoja franka 10 000, jumla 120 000. Siku ile ile kijana mmoja alimjia na simu akisema atapata majibu ya siku zote nne, kwa bei karibu na hiyo. Alileta jambo hilo kikundini, wazi, hakulificha. Mmoja wetu alisema kwa uchungu, “Chukua. Wengine wote wananunua. Ukikataa wewe, wewe ndiye utakayefukuzwa, na mwenye kununua ndiye atakayeketi kwenye kiti chako.” Msimcheke mama huyo. Alisema kile ambacho wazazi wengi wanakisema nyumbani, na ana hofu ya kweli juu ya rafiki yake.

Tuliiweka hoja ile ubaoni kama maswali mengine. “Wengine wote wananunua”: nani amewahesabu? Neno “wote” tena. “Mwenye kununua anafaulu”: mama yule yule alikiri kwamba anamjua kijana aliyenunua mwaka jana, akashindwa, na mwenye kumuuzia simu yake haikupatikana tena. Tena maswali yanatolewa kwa seri mbalimbali. Karatasi yako inaweza kuwa tofauti na ya aliye karibu nawe. Lakini jibu lililofunga mjadala halikuwa la ubaoni. Mama wa mapacha alisema polepole, “Tuseme nimenunua, nimefaulu. Mwezi wa tisa mtoto akilia juu ya kikombe, nitampigia simu nani?”

Pesa zile alilipia gharama za mtihani, akanunua taa ndogo ya jua kwa usiku ambao umeme umekatika, na zilizobaki akawanunulia mapacha viatu. Baadaye alituambia jambo lingine. Usiku mmoja mume wake alichukua kaye, akaanza kumwuliza maswali. Alipofika kwenye kiwanja kilicholowa, alijibu yeye mwenyewe, akakosea. Mke akamweleza maji ya jirani. Mume alicheka sana. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewapeleka watoto kulala saa mbili.

Kwa wamama ambao wangependa kuanza nyumbani, bila kitabu, nawapa zoezi la siku saba. Kila jioni chukua jambo moja ulilosema juu ya mtoto wako mchana. Liandike. Chini yake andika ulichokiona kwa macho au kukisikia kwa masikio, hicho tu. Halafu angalia umbali kati ya mistari hiyo miwili. Na wenye kujiandaa kwa mtihani: fanyeni maswali 10 kwa siku, si 100 siku moja. Mkikosea, msiandike jibu la kweli tu. Andikeni kwa nini jibu la uongo liliwavuta. Kaye ya makosa ina faida kuliko kaye ya majibu.

Zimebaki wiki tano. Asubuhi za baridi zimeanza, na wamama wanakuja wamejifunika vitenge viwili. Siku ya posho iliyopita nilitaka kuwatia moyo, nikasema: “Kila aliyefaulu alijizoeza. Ninyi mmejizoeza. Basi mtafaulu.” Mama wa mapacha alinyoosha mkono kama mwanafunzi. “Madamu,” akasema, “hiyo ni njia ya tatu. Haifuati.” Wote wakapiga makofi. Kisha akafungua kaye yake, akauliza swali la kumi na moja.

Anayetaka kujiunga nasi, hata asiyejiandikisha mwaka huu, aje siku ya posho saa tisa. Alete kaye na kalamu. Mwenye mtoto mdogo asimwache nyumbani, vikombe viko.